Vipande Vinne Nyuma ya Goli

Nyuma ya goli la kaskazini, hapa Namsos,
ambako mpira ukitoka hakuna aufuataye ila mimi,
Gudveig alipima vipande vinne vya nyasi kwa kamba na vigingi,
akavipa namba, si majina:
sifuri, kumi, ishirini, arobaini.
Gramu za naitrojeni, kila mita ya mraba, msimu mzima.
"Usivionee huruma, Oddmund," akaniambia.
"Hasa kile cha sifuri."

Miaka thelathini na mmoja nimezikata nyasi hizi.
Najua harufu yake zikiwa na kiu,
najua buti lipi limezikanyaga, la beki au la refa.
Lakini kula kwake sikuwahi kukuona.
Yeye alikuja na mashine yenye mdomo wa kioo,
akalibana jani kwa upole, kama ashikaye sikio la mtoto,
akasoma: hewa ya ukaa iliyoingia ni hii,
nuru iliyogeuka sukari ni hii.
"Jani ni jiko," akasema. "Jua ni moto.
Naitrojeni si kuni, ni sufuria.
Pasipo sufuria, moto wote huo utapikia nini?"

Juni kwetu usiku hauingii,
unapiga hodi tu na kuondoka.
Saa sita za usiku tulisoma namba bila taa.
Kipande cha sifuri kilikuwa kimeanza unjano,
na unjano ulianza chini, kwenye majani makuukuu.
"Linavunja sufuria zake lenyewe," Gudveig akanong'ona,
"linawapelekea wadogo walioko juu."
Nikamkumbuka mama yangu, Borghild,
aliyekuwa akila akiwa amesimama jikoni,
na kutuambia ameshashiba.

Cha arobaini kilikuwa kijani cha chupa,
kijani cha kukuvuta shati.
Mwenyekiti wa klabu, bwana Tveiten, akakipiga picha.
"Kiwanja chote kiwe hivi. Septemba televisheni inakuja."
Gudveig akamfungulia daftari, akamwonyesha mstari:
kutoka sifuri hadi kumi unapanda kama mbuzi,
hadi ishirini unapumua,
baada ya hapo umelala.
"Rangi imeongezeka, bwana. Kazi haikuongezeka."
"Televisheni," akajibu, "haipimi kazi."

Basi nikamwaga. Mimi ni mtu wa mshahara.
Nikamwaga, nikakata, nikamwaga, nikakata,
mara nne kwa wiki kikapu kikijaa majani mororo kama mchicha.
Siku moja nikachimbua kidonge cha udongo:
mizizi mifupi, michache,
ndevu za mvulana wa miaka kumi na mitano.
Nikakirudisha shimoni, nikakishindilia kwa kisigino.

Septemba kiwanja kiling'aa.
Dada yangu akanipigia simu kutoka Røros:
"Hiyo rangi ni ya kweli, au ni televisheni yangu?"
Tulifungwa matatu kwa bila.

Kisha theluji, miezi mitano.

Ilipoyeyuka, nikakuta madoa ya waridi,
mapana kama sahani, kisha kama meza,
na nyasi zimelala chini yake kama nywele za mtu aliyezama.
Kuvu alikuwa amekula gizani, taratibu,
alichoandaliwa na mimi.
Kipande cha ishirini kilikuwa na makovu.
Cha kumi kiliinuka, chembamba, kikikohoa.
Cha arobaini kilitoka mkononi kama karatasi iliyolowa.

Tveiten akauliza mbegu mpya ni bei gani.
Nikamtajia. Akavaa glavu zake, kimoja, kingine.

Mei, Gudveig akaniita penye sifuri.
Katikati ya nyasi zile kondefu, za rangi ya majani makavu,
klova ilikuwa imeota. Hakuna aliyeipanda.
Mizizini ilibeba vifundo vidogo vyekundu,
humo ikijipikia naitrojeni kutoka hewani,
bila gunia, bila gramu.
"Inaniharibia takwimu," akasema,
akainama aing'oe.
Mkono ukakaa pale kwa muda.
Kisha akasimama, akajifuta magoti,
akaenda kusoma cha kumi.